Maji Niliyomwaga Mlangoni

Tulimzika Kokoo Nashipae Ijumaa iliyopita, bomani kwake, ng'ambo ya korongo upande wa chini wa Kisaju, na niliporudi nyumbani nikiwa na vumbi hadi ndani ya masikio sikupumzika kama mtu wa umri wangu anavyopaswa. Nilivua viatu vya mazishi, nikavaa ndara, nikachukua funguo nikaenda kwenye ukumbi wa kijiji. Nilitaka kuiona ndoo. Iko palepale pembeni mwa mlango, juu ya kigoda chake cha chuma, ndoo ya plastiki ya lita ishirini iliyotobolewa na kutiwa mfereji mdogo, rangi yake ya buluu imepauka kwa jua. Watoto wa chekechea hunawa mikono hapo kabla ya uji na hakuna anayejua ilitoka wapi. Nilikaa kwenye kizingiti nikaitazama, nikalia kwa sauti. Kaburini sikulia, kwa sababu nilikuwa nimepewa kazi ya kusimamia sufuria, na mimi nikipewa kazi huwa sina nafasi ya kitu kingine. Hiyo tabia yangu ndiyo iliyoleta haya yote ninayotaka kueleza.

Mwaka wa korona nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Najua watu wakiandika maisha yao huandika ujana, jinsi walivyofunzwa na mwalimu fulani au safari fulani. Mimi ujana wangu niliupitisha nikiuza vitunguu sokoni Kisaju na kushinda kila ubishi, na sikujifunza lolote. Nilikuja kufunzwa nikiwa na hamsini na miwili, na mama mkongwe asiyeona, kwa mwaka mmoja. Habari za kuzaliwa kwangu na za watu wetu huko milimani zikae tu, hazina kazi hapa. Inatosha kusema naitwa Mama Shiku, kwamba nilikuja sehemu hii nikiwa na mtoto mgongoni, na kwamba kamati ya ukumbi ilinipa funguo kwa sababu nilikuwa naamka mapema na siogopi mtu.

Ukumbi wenyewe si wa kujivunia. Kuta za mawe, upande mmoja umepigwa plasta na ule mwingine ukaachwa hivyo mpaka leo, mlango wa bati la buluu, na paa ambalo mvua ikinyesha mnanyamaza wote maana hamsikizani. Asubuhi ni chekechea. Mchana ni chama, au kwaya, au baraza. Mara moja kwa mwezi muuguzi alikuja na jokofu lake dogo la kubeba begani, mizani ikatundikwa kwenye boriti, na watoto wakapimwa wakichanjwa huku wakilia wote kwa pamoja. Lakini siku yenyewe ilikuwa Jumatano, siku ya chai ya wazee. Akina mama wa bomani walileta maziwa, yaliyokamuliwa alfajiri, kwenye vibuyu na mitungi ya plastiki. Sisi wa dukani, wengi wetu watu wa kutoka mkoa wa Kati, tulileta sukari, majani na mandazi. Hakuna aliyekuwa amepanga hivyo, ilijikuta tu. Maziwa yao, sukari yetu, sufuria moja jikoni nyuma, nyeusi kwa masizi, kubwa ya kuogesha ndama. Nikifumba macho hata sasa nasikia harufu ya jiko lile, moshi na maziwa yanayokaribia kumwagika, na akina mama wakicheka kwa lugha tatu.

Kokoo Nashipae alikuwa anakaa benchi la kwanza, karibu na mlango. Kokoo ni nyanya kwa Kimaasai, na yeye alikuwa nyanya ya kila mtu. Macho yalikuwa yamemwisha zamani kwa ule ugonjwa wa macho wa watu wa ng'ombe na nzi, akabaki anaona mwanga na kivuli tu. Kwa Wamaasai, mtoto hamsalimii mkubwa kwa mkono. Anainamisha kichwa, na mkubwa anaweka kiganja juu ya utosi. Kwa wengine hiyo ni salamu. Kwa Kokoo ilikuwa pia ndiyo macho yake. Uliingia, ukainama, kiganja kikatua, kikatulia kidogo, na akakutaja jina. Hakukosea. Mzee Lemayian, mwenyekiti wetu, alikuwa na upara na miaka sabini, na bado aliinama kama mtoto. Mimi mwanzoni niliona ni mchezo. Mtu mzima, mama wa watu, niiname? Halafu siku moja nikainama kwa utani, akanishika, akasema, "Mwenye funguo! Leo umesukwa na mtu mwenye hasira, amekaza sana." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimegombana na msusi. Tangu siku ile sikupita mlango ule bila kutoa kichwa changu, na nisidanganye, kuna Jumatano nyingine nilikuja kwa sababu hiyo tu, maana nyumbani kwangu hakukuwa na mtu wa kuniwekea mkono popote.

Halafu ikafika Machi. Mzee Lemayian alitoka kwa mkutano wa chifu akaja moja kwa moja dukani kwangu, akasimama mbali, jambo lililonishangaza, akasema, "Mama Shiku, mambo imekuwa mbaya. Shule inafungwa. Ukumbi pia. Hakuna kukusanyika, hakuna kusalimiana. Lakini kuna wasamaria wamesema wataleta unga na sabuni, na sisi tunagawa pale mlangoni kila Jumatano. Wewe ndiye uko na mdomo na uko na funguo. Hii kazi ni yako." Mungu anisamehe, nilifurahi. Watu walikuwa wanaogopa, redio ilikuwa inahesabu wafu, na mimi nilisikia raha moyoni kwa sababu sasa nilikuwa na amri. Nilinunua chokaa nikachora maduara chini, moja moja, kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji. Nilichukua fimbo ya kupimia kitambaa nikatembea nayo. Nilimtobolesha ndoo fundi wa mabomba, yaani nilimsimamia akitoboa huku nikimwambia pa kutoboa. Barakoa zilipokosekana nilikata shuka za kitanda changu nikashona za watu arobaini. Sijakataa kwamba nilifanya kazi, tena kazi nzuri. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuona watu kama vitu vya kupangwa.

Jumatano ya kwanza ya kugawa, mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku kucha na ule udongo mweusi wetu ulikuwa unang'ang'ania viatu. Watu walisimama kwenye maduara, shuka nyekundu na makoti ya mitumba, kimya ambacho hakikuwa cha kawaida ya mahali pale. Kokoo aliletwa na mjukuu wa jirani mpaka duara la kwanza. Akafika akanyoosha mkono kama kawaida, kiganja kikitafuta kichwa. Hakuna aliyekitoa. Nilimwambia, "Kokoo, hapana. Hakuna kugusa vichwa siku hizi. Simama hapo kwa duara." Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha akaushusha. Akauliza, "Nani yuko hapa?" Watu wakajitaja, lakini kwa barakoa na kwa aibu sauti zilikuwa nzito, na niliona uso wake unageuka huku na huku bila kumpata mtu. Akauliza tena, "Na hii ni nini inadondoka?" Ulikuwa mfereji wa ndoo. Nikamweleza, kwa sauti ya juu ili foleni yote isikie, "Hayo ni maji na sabuni, Kokoo. Kila mtu ananawa kabla ya kuingia. Hayo maji ndiyo yatakinga watoto wetu wote na huu ugonjwa."

"Watoto wote?" akauliza.

"Wote."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa kazi iliyo mbele yake. Akapapasa, akaipata ndoo, akaondoa mfuniko. Akainama. Na kabla sijajua ni nini, akatema mate ndani, matone madogo, mara mbili tatu, huku akisema maneno ya Kimaasai taratibu, akiwataja watoto, mvua, ng'ombe, Mungu. Ilikuwa baraka. Kila mtu aliyeishi sehemu hii anajua kwamba mzee wa Kimaasai akikubariki kwa moyo wote anakutemea mate, na bibi harusi haondoki kwao bila hayo, na mtoto mchanga hapewi jina bila hayo. Mimi nilijua. Nilikuwa nimebarikiwa hivyo duka langu likifunguliwa. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na redio tu.

"Woi! Kokoo, unatuua!" Nilipiga kelele hiyo. Nikampokonya mfuniko. Nikaibeba ndoo nzima, lita ishirini, nikaimwaga chini mbele ya mlango, yote, na maji yakatiririka kwenye maduara yangu ya chokaa na kuyafuta. Nikaongeza na maneno. Nilisema, "Hii uchafu ndiyo inaua watu. Mtu mkubwa kama wewe!" Nikaanza kuisugua ndoo kwa dawa ya kuoshea choo, pale pale, watu wakitazama.

Kokoo alisikia maji, hakuyaona. Akauliza kwa Kimaasai ni nini kinachomwagwa. Mzee Lemayian alikohoa, akatazama chini, akamwambia. Kokoo akachukua fimbo yake, akageuka, na akaenda zake katika lile tope bila kumsubiri mtu wa kumshika mkono. Unga wake ulibaki juu ya meza. Nilimwita mara moja, si kwa kuomba msamaha, nilimwita achukue unga.

Jumatano iliyofuata hakuja. Na si yeye tu. Foleni ilikuwa fupi, na nilipoangalia vizuri nikaona hakuna shuka hata moja. Walikuja watu wetu wa dukani, na vijana waliofutwa kazi viwandani, na familia za vyumba vya kupanga. Watu wa bomani, hakuna. Wiki ya tatu vilevile. Siku ya kliniki muuguzi alikuja, kwa barakoa na magauni ya plastiki, akatundika mizani, akangoja. Watoto watano. Kawaida walikuwa wanafika thelathini na zaidi. "Wengine wako wapi?" akaniuliza. Nikamwambia wanaogopa korona. Niliusema uongo huo bila hata kupepesa macho. Chai niliendelea kuipika na kuigawa kwa dirisha, kila mtu na kikombe chake, lakini sasa ilikuwa strungi, nyeusi, sukari na majani, kwa kuwa maziwa yalikuwa ya watu ambao hawakuja. Nduta, rafiki yangu wa mandazi, alionja akasema, "Hii ni chai ya matanga." Nikamwambia anyamaze anywe.

Ninachokumbuka zaidi cha miezi ile ni kile nilichosikia nikiwa jikoni, dirisha limefungwa, nikikwangua sufuria. Mzee Lemayian alikuwa nje kwenye tangi na wazee wawili wenzake wakichota maji ya ndama, na hawakujua niko ndani. Baada ya miaka ishirini ya kuuza vitunguu, Kimaasai nakisikia. Mmoja alisema, "Si ni maji tu? Maji iko tele, korongo limejaa." Lemayian akamjibu, "Kile alimwaga si maji. Alitaja watoto wetu kwa majina, ikaingia kwa ile ndoo, na huyu mama akamwaga chini ikakanyagwa. Sasa Kokoo anasema hao watoto wamebaki wazi, na ni yeye amewaweka wazi, kwa sababu aliwataja. Hapati usingizi. Chakula hagusi." Yule mwingine akasema, "Huyo mwenye funguo aende amwambie kitu." Lemayian akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Huyo? Huyo hajawahi kukosa." Nilikaa chini pale jikoni na kikwanguo mkononi. Nilikuwa nimedhani Kokoo amenikasirikia. Kumbe alikuwa anaogopa, tena kwa sababu yangu, na si kujiogopea yeye, alikuwa anawaogopea watoto.

Na bado sikuenda! Hilo nalisema wazi kwa sababu kitabu cha mtu anayejisifu hakina maana. Aprili ikaisha, Mei ikaisha. Nilijiambia mimi ndiye niliyekuwa na haki, na haki nilikuwa nayo, mate ndani ya ndoo ya watu mia ni hatari, hata leo nasema hivyo. Lakini nilikuwa najua pia kwamba kuna namna mia za kuiondoa ndoo ile polepole na kuipeleka nyuma. Nilikuwa nikipita mlangoni asubuhi, pale benchi la kwanza, na utosi wangu unasikia baridi. Nilikuwa naogopa kwamba atakufa kule bomani akiamini ameangamiza watoto, na kwamba nitabaki na hilo mpaka na mimi nife.

Aliyenitoa ni Sein, mjukuu wake, aliyelelewa na Kokoo tangu mdogo. Alikuwa anafanya kazi ya kushona nguo kiwandani na kupanga chumba Kitengela, na polisi walikuwa wameweka kizuizi barabara ya Namanga kati yetu na Kitengela, hakuna kuingia wala kutoka. Kilomita chache tu, na ilikuwa kama amekwenda ng'ambo ya bahari. Alinipigia simu mchana nikiwa dukani.

"Mama Shiku, shikamoo. Niko na shida. Kokoo ameacha kula. Wananiambia anakunywa maziwa kijiko kijiko. Mimi siwezi vuka hapa, nimejaribu mara mbili wakanirudisha. Tafadhali enda umwone."

"Sein, mtoto wangu, hujaambiwa? Mimi ndiye nilimkosea. Nitaenda na uso gani?"

Akasema, bila ukali wowote, "Si hata hakujui kwa uso. Enda na kichwa."

Nilifunga duka saa hiyo hiyo. Nilitembea, maana ni njia ya miguu tu, kupita nyumba mpya za ghorofa zisizoisha, kupita ua wa miiba wa shamba la mtu, kushuka korongoni hadi boma la Kokoo. Nilikuwa nimevaa barakoa ya maua niliyoishona mwenyewe na nimebeba sabuni, sijui ya nini. Nilimkuta amekaa kwenye ngozi mlangoni pa nyumba yake, amekonda, mikufu imelegea shingoni. Kikombe cha maziwa kilikuwa kando yake na nzi juu yake. Nilisimama mbali, hatua kama sita.

"Takwenya, Kokoo."

Hakuitikia. Mwanamke akisalimiwa hivyo anajibu "Iko", hata kama ni kwa kununa. Alipapasa fimbo yake, akauliza, "Ni nani?"

"Ni mimi. Mwenye funguo."

Mbuzi walikuwa wanalia ndani ya zizi. Nilipiga magoti pale kwenye samadi kavu, na magoti yangu si ya kuchezea, nikasema yote. Nilisema nilimpigia kelele yeye, aliye mama yangu. Nilisema nilimwaga dua ya watoto nikaikanyaga. Nilisema naogopa, kwamba tangu Machi naogopa kila siku na kelele zote zile zilikuwa za uoga. Sikujua kama nilikuwa nalia mpaka barakoa ikaniganda mdomoni.

Kokoo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaongea kwa Kiswahili chake cha polepole, cha kuchagua neno moja moja. "Mimi nilikuwa msichana mdogo. Ugonjwa ya ngozi, ile ndui, ilipita, watu walikufa boma mzima. Mama yangu alifunga mlango ya boma na miiba. Watu ya kutusalimia walisimama kule, kwa ule mti. Wanaweka maziwa chini, wanarudi nyuma, ndiyo sisi tunaenda kuchukua. Hakuna kushika kichwa. Hakuna mate. Wazee walibariki na nyasi." Akageuza uso kunielekea. "Wewe ulifikiri sisi hatujui ugonjwa?"

"Sasa Kokoo, kwa nini siku ile..."

"Kwa sababu hakuna mtu aliniambia hii ni kama ile. Wewe uliniambia simama kwa duara. Ulinipanga kama kreti ya soda." Akapumua. "Ungeniuliza. Ungeniuliza tu, ningekwambia nyasi iko."

Kati yetu sote, mwenyekiti, muuguzi, mimi na fimbo yangu ya vitambaa, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuishi ndani ya tauni na kutoka upande wa pili. Huyo ndiye niliyemfukuza na ndoo.

Baadaye akauliza, "Umekuja na kichwa?"

"Nimekuja nacho."

"Kiweke hapo hapo." Nikainama pale nilipokuwa. Akainua mkono wake, kiganja kikafunguka hewani, hatua sita kutoka kwangu, akakituliza pale kwa muda uleule aliokuwa akikituliza zamani. "Sijagusa," akasema. "Lakini nakijua. Ni kigumu." Kisha akaomba maziwa. Nilimimina mengine kwenye kikombe kisafi, nikakisogeza karibu naye kwa ncha ya fimbo yake mwenyewe, nikarudi nyuma, akanywa chote.

Jumatano iliyofuata alikuja, ameshika tita la nyasi mbichi na kibuyu kidogo cha maziwa. Sikumwambia pa kusimama. Nilimuuliza. Akasema nimweke mahali ambapo upepo utatoka kwake kwenda kando, si kwa watu, na mimi sikuwa nimewahi kufikiria upepo. Akauliza, "Mfuniko iko?" Nikasema upo. "Funga vizuri." Akachovya nyasi kwenye maziwa, akanyunyiza juu ya mfuniko uliofungwa, akaanza kuwataja watoto mmoja mmoja, na watu waliokuwa mbalimbali wakaitikia "Naai", yaani Ee Mungu, kila alipopumua, Wamaasai na Wakikuyu na vijana wa viwandani waliotoka sijui wapi. Wiki ile waliokuja walikuwa wachache. Wiki iliyofuata shuka zilijaa hadi barabarani. Siku ya kliniki muuguzi aliishiwa na dawa ya chanjo, watoto walivyokuwa wengi, ikabidi arudi siku ya pili. Na maziwa yakaja. Nduta alionja chai, akaniangalia, akanyoosha kikombe aongezewe.

Salamu ilibadilika. Mtu alisimama kwenye duara lake, akavuta barakoa kidogo, akasema jina lake, akainama. Kokoo hakuwa anaona kama umeinama au la, na sijaona mtu hata mmoja aliyedanganya. Naye akainua kiganja hewani.

Sitasema nyasi zilitukinga na kifo. Mwishoni mwa mwaka Mzee Lemayian alianza kukohoa, akapelekwa hospitali, na alirudishwa ndani ya sanduku na watu waliovaa mavazi meupe hadi usoni. Walimzika kwa haraka, saa moja haikuisha, sisi wachache tukiwa nyuma ya kamba. Mke wake hakuruhusiwa kusogea. Kokoo alisimama kando yangu akauliza sanduku liko wapi. Nilimgeuza kwa kumshika bega kupitia shuka. Akainua mkono ukaelekea pale, na akauacha juu mpaka koleo ziliponyamaza, mkono wa mtu wa miaka themanini na zaidi. Alikuwa amekijua kichwa kile tangu kikiwa na nywele.

Maduara ya chokaa yalikuja kufutika, barakoa zikaisha mifukoni, na siku moja Kokoo akashusha kiganja juu ya utosi wangu tena, kwa kweli. Alitulia kidogo. "Umepungua nywele," akasema. Nikamwambia ni uzee. Akasema si uzee, ni kubeba ndoo. Miaka hii yote watoto wa bomani wameniita yule mama wa kumwaga, na sijawahi kuwakataza.

Ijumaa iliyopita, tulipomaliza kufunika kaburi, Sein alinijia kule kwenye sufuria. Sasa ni mama wa watu naye, mnene kidogo, amesimamia mazishi yote bila kupandisha sauti. Aliniwekea mkononi kibuyu kile kidogo, kimefungwa ushanga mpya shingoni.

"Kokoo alisema hii ni ya mwenye funguo. Ati Jumatano ndoo isikae hivyo bila dua."

"Sein, mimi si mtu wenu wa hayo mambo. Watasema nini?"

"Alisema utakataa. Alisema nikwambie tu: kichwa kigumu."

Leo ni Jumatano. Nimekuja mapema kuliko wote, nikaibandika sufuria jikoni, nikaiingiza ndoo ndani, nikaiosha, nikaijaza, nikafunga mfuniko. Nyasi nilizikata kando ya tangi, na maziwa ya kutia kibuyuni nilikuja nayo kutoka nyumbani. Nilisimama pale mlangoni peke yangu, upande wa ndani, nikichovya na kunyunyiza, na niliwataja watoto ninaowajua, wa bomani na wa plotini kwenye vyumba vya kupanga, na Shiku wangu, na wa Sein, kwa Kiswahili, maana baraka kwa Kimaasai sina. Nje nilisikia fimbo za akina mama wazee zikigonga mawe na mmoja akiita, "Mwenye funguo! Unachelewesha nini?"

Maziwa kidogo yalikuwa yamebaki ndani ya kibuyu. Kwa mazoea ya kuosha vyombo, mkono wangu ulikuwa tayari umekiinamisha nje ya dirisha. Niliurudisha. Nikaenda jikoni, nikayamimina yote kwenye sufuria ya chai, nikakung'uta kibuyu hadi tone la mwisho, kisha nikaenda kuwafungulia.